Barua ya wazi kwa viongozi wa milima ya Upare: tupeni stoo na tupa ya kunolea, njia tutalima wenyewe

Waheshimiwa madiwani, ndugu watendaji wa kata na vijiji, wahandisi wa barabara za vijijini, na nyinyi mlioshika kalamu ya bajeti katika halmashauri zetu,

Shikamooni wakubwa, na wengine nawasalimu.

Anayewaandikia ni mtunza daftari la vifaa wa kikundi cha kujitolea kinacholima njia za miguu huku milimani. Si cheo cha kutisha mtu. Kazi yangu ni kujua sururu ziko ngapi, chepe la mpini mfupi lipo kwa nani, na kwa nini limerudi na ufa. Nimelishika daftari hilo miaka sita sasa, na kuna jambo nimeliona humo ambalo nadhani halionekani mkiwa mezani. Tumelizungumza mno wenyewe kwa wenyewe, na wote tunalijua. Nimeona bora niliseme kwenu.

Barabara zina wenyewe. Zile kuu na za mikoa ziko kwa wakala wa barabara, TANROADS, na tangu Julai 2017 za wilaya na vijiji ziko kwa wakala wa barabara za vijijini na mijini, TARURA. Zina namba, zina ramani, zina mafungu. Lakini ukishuka garini pale kifusi kinapokomea, mbele yako kuna kijia chekundu kinachopanda katikati ya migomba na kahawa, kinazunguka jiwe, kinavuka kijito juu ya magogo mawili, kinapotelea ukunguni. Hicho hakina namba. Na ndicho kinachofika majumbani. Mtoto wa darasa la kwanza anakipita saa kumi na mbili asubuhi kabla giza halijaisha vizuri. Mama anateremka nacho na mkungu wa ndizi kichwani kuwahi gulio. Usiku mwingine wanapita wanaume sita na machela, wa mbele akipiga kelele kila baada ya hatua chache: "Jiwe! Ngazi! Shika kulia!" Aliyewahi kushika mguu mmoja wa machela hiyo wakati wa mvua hahitaji kuelezwa barua hii inahusu nini.

Najua mtaniambia kuna msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kijiji. Ni kweli upo, na tunajivunia. Mbiu ikipigwa watu wanatoka. Ila naomba mtofautishe msaragambo wa mfereji na msaragambo wa njia, kwa sababu nahisi mnaviona ni kitu kimoja.

Mfereji na ndiva, yale mabwawa yetu ya kukingia maji ya kumwagilia, vina adabu yake ya tangu enzi. Asiyekuja kuzibua hapati zamu ya maji, basi, hoja imekwisha. Njia haina zamu. Huwezi kumsimamisha mtu pale kwenye magogo ukamwambia Jumamosi hukuonekana, rudi. Aliyelima na aliyelala wanapita pamoja, na aliyelala pengine ndiye anapita mara nyingi zaidi. Pili, na hili ndilo kubwa, kwenye mfereji kila mtu anakuja na jembe lake na linatosha. Kazi yenyewe ni tope. Njia ya mlimani inataka sururu, mtaimbo, nyundo ya kilo nne au tano, toroli, makarai, fyekeo, msumeno. Nani kati yetu ana mtaimbo nyumbani? Nitajieni kaya kumi katika kitongoji chochote. Jembe ni la mtu, lakini mtaimbo lazima uwe wa wote, na huku kwetu kitu cha wote kikikosa chumba na daftari hakimalizi mwaka.

Niwaeleze kidogo kazi yenyewe, maana nimewahi kumsikia mtu mzima na shahada yake akisema sisi "tunafyeka fyeka njia". Kufyeka ni sehemu ndogo, tena rahisi. Njia huuawa na maji. Kwa hiyo unailima ikiinamia bonde kidogo tu, mguu usihisi lakini maji yahisi, ili yavuke yaende zake badala ya kuifuata. Kila baada ya hatua kadhaa, na karibu karibu zaidi kwenye mteremko mkali, unaweka kingamaji: mawe yaliyopangwa mshazari na kuzikwa zaidi ya nusu, yanayoyatoa maji pembeni. Ukiyapanga yakakata njia moja kwa moja, mchanga unajaa nyuma yake kwa mvua ya kwanza. Ukiyalaza mno, maji yanapata kasi na kuanza kuchimba. Pale pa kuweka ngazi, jiwe liwe zito kiasi cha kuhitaji watu wawili na mtaimbo, uso wa bapa juu, tumbo lizame ardhini, na likalie kidogo jiwe la chini yake. Jiwe linalotikisika siku ya kwanza litakuwa limeondoka kabla ya Pasaka. Kingo unazishika kwa majani ya guatemala, ambayo pia yanalisha ng'ombe, na hapo ndipo ugomvi na mwenye ng'ombe huanza, lakini tuyaache hayo.

Na yote hayo yana wakati wake. Mitaro izibuliwe Septemba kabla ya vuli, irudiwe Februari kabla ya masika. Ukichelewa wiki mbili umechelewa msimu. Mvua za El Niño mwishoni mwa 2023 zilitufundisha hivyo kwa ukali: palipokuwa pamezibuliwa tulipoteza mawe machache, pale tulipoahirisha kwa sababu sururu mbili zilikuwa hazina mipini, tulipata korongo linalomfika mtu magotini. Huku hatuyachezei maji. Novemba 2009 maporomoko ya udongo pale Goha, Mamba Miamba, yaliua watu zaidi ya 20. Sisemi kingamaji cha njia kingeyazuia. Nasema tu kwamba mtu wa milimani akiona maji yameacha mkondo wake na kushika njia, moyo wake haukai mahali pamoja.

Sasa nije kwenye vifaa, ambako ndiko hasa nilikokuwa nataka kufika.

Jembe butu halikati, linakwaruza. Mwenye nalo anapiga mara tatu mahali pa mara moja, na ikifika saa nne asubuhi mgongo umegoma. Anakaa chini, anaonekana mvivu, na Jumamosi inayofuata haji. Nimewaona watu wengi wakiacha kujitolea, na nikiwafuata nyumbani kuwauliza, wachache sana hutaja kukosa posho. Wengi husema "ile kazi inaumiza". Inaumiza kwa sababu ya tupa moja ambayo haipo.

Mpini nao una siri zake. Ukilegea, wengi wetu tuna dawa ya haraka: lowekesha kwenye ndoo usiku kucha. Asubuhi mti umevimba, chuma kimekaza, kazi inaendelea. Kufikia saa sita jua limeukausha, umenywea kuliko jana, na ndani ya tundu umeanza kuoza. Tulifanya hivyo miaka. Halafu siku moja kijana wetu aliinua sururu iliyolowekwa, akaishusha, na kichwa cha sururu hakikushuka naye. Kilipita juu ya bega la mwenzake kikagonga jiwe kikatoa cheche. Hakuna aliyeumia. Tulikaa chini kimya muda mrefu, na makande siku ile yalipoa kwenye sufuria.

Kosa lilikuwa letu, nami ndiye niliyekuwa nimeiandika sururu ile "nzima" kwenye daftari. Mpini wake ulichongwa na mtu asiyejua, una unene uleule juu na chini. Mpini wa sururu unatakiwa unenepe kichwani, chuma kivalishwe kutokea mwisho mwembamba kiteremke mpaka kikwame kwenye unene. Hapo kila unapopiga unakikaza. Tangu siku ile tuna kanuni: mipini ya mpera, ukatwe ukaushwe kivulini miezi, usichomwe jua, ukwanguliwe kwa kipande cha chupa mpaka usiwe na kibanzi, jembe lipigiwe kabari, na ndoo ya maji ibaki ya kunawia. Kazi ikiisha, tope linaoshwa palepale kijitoni, chuma kinafutwa kwa kitambaa chenye oili chafu ya kwa fundi pikipiki, na kila mpini una mstari mwekundu wa rangi ili usipotee majanini wala usichanganywe na wa mtu. Anayeteremka na sururu haibebi begani, anaishika mkononi, ncha ikitazama chini, na wa nyuma anamwachia nafasi. Ni mambo madogo. Yanachukua kama saa moja kila siku ya kazi, na saa hiyo naihesabu kuwa yenye faida kuliko zote.

Kuna kitu kinaniuma kila nikitafuta wa kufua upya ncha za sururu, maana ncha ikishakuwa kama kidole gumba tupa haisaidii, inataka moto na nyundo. Hii ni milima ya wahunzi. Washana, ukoo wa wahunzi wa Ugweno, walifua chuma kabla Mjerumani hajafika, na majembe na silaha za Wachagga kule Kilimanjaro zilitoka kwa chuma cha Upare. Leo sururu sita za kikundi zinafungwa kamba, zinapandishwa kwenye pikipiki na kupelekwa mjini kwa fundi wa mageti, ambaye huzichomea kipande cha nondo juu ya ncha na kutudai. Nondo hiyo hudumu siku mbili. Wazee wetu bado wanayatambua majembe ya zamani yenye nembo ya UFI, yaliyotoka kiwandani Ubungo, kwa kuyagonga tu na kusikiliza mlio wake, na wakikuta moja limetupwa hulibeba nyumbani kama wameokota mtoto. Tuna matatu hayo kwenye kikundi. Hayatoki bila saini yangu.

Hapa niseme lililotuudhi, ila jina sitalitaja. Mwaka mmoja ofisi ya umma iliazima vifaa kwetu kwa maandalizi ya ziara ya kiongozi. Tulitoa, tena kwa furaha, tukadhani ndio mwanzo wa kujulikana. Toroli lilirudi halina gurudumu. Mtaimbo haukurudi kabisa, na kila nilipoulizia niliambiwa umo "kwenye taratibu". Fyekeo zilirudi zikiwa na saruji iliyogandia kwenye makali, kwa sababu mtu alizikorogea zege. Fyekeo! Baada ya hapo tulipewa fulana ishirini zenye maandishi. Nawashukuru kwa fulana, ninayo moja, navaa nikilala. Ila kama ni lazima mtuvishe, tuvisheni gambuti.

Wapare tunasemwa kwa ubahili, na pengine mtu atasema barua hii yote ni ya ubahili wa chepe mbili. Kubali iwe hivyo. Basi nitumieni ubahili huu. Tunachoomba hakifiki gharama ya kalavati moja. Katika kila kata yenye watu wanaolima njia, mtupe chumba. Si jengo jipya lenye jiwe la msingi. Viko vyumba vya umma vimejaa viti vilivyovunjika, toeni viti. Kiwe na paa lisilovuja, mlango wenye kufuli, na misumari ukutani ya kutundikia, kwa kuwa kifaa kilicholazwa sakafuni hushika kutu upande mmoja na kukwaza watu upande wa pili. Funguo mbili, moja kwa mtendaji na moja kwa kikundi. Daftari moja, na kila anayechukua asaini, akiwemo mheshimiwa. Kisha katika bajeti kiwepo kifungu kidogo kisichoondolewa kila mwaka: tupa, vinoo, mipini, tairi la toroli, grisi, malipo ya mhunzi, sanduku la huduma ya kwanza. Mwaka wenu wa fedha unaanza Julai na mitaro yetu inaanza Septemba. Fedha ikitoka Julai imefika kazini. Ikitoka Novemba tutanunua tupa za kutazamia mafuriko.

Na kuhusu mhunzi, naomba msitulete mtaalamu wa semina. Tafuteni wazee wachache waliobaki wanaojua kufua, walipeni wafundishe vijana wanne au watano kwa vitendo, hapa hapa. Kijana akijua kurudishia sururu ncha atapata kazi ya wakulima wote wa kata, na njia itafaidika kwa mgongo wake.

Jambo la pili ni la karatasi, halihitaji fedha nyingi ila linahitaji ujasiri. Njia zetu zinaliwa. Kila msimu mwenye shamba la kulia anasogeza masale, ile mimea ya mpaka, kwa upana wa jembe, na wa kushoto anajibu kwa upana wa jembe, mpaka wapita njia wawili wenye mizigo hawawezi kupishana bila mmoja kuingia kwenye mahindi ya mtu. Tukienda kulima tunaambiwa tumevamia. Nanyi mnatufahamu: Mpare, wanasema, atauza ng'ombe ashinde kesi ya kuku. Kikundi cha kujitolea hakina ng'ombe wa kuuza. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inatambua ardhi ya matumizi ya pamoja, na vijiji vinaandaa mipango ya matumizi ya ardhi. Njia za miguu ziingizwe humo, kwa majina tunayoziita na kwa upana uliokubaliwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Zikishaandikwa, mabishano yatakwisha kwenye baraza badala ya kuishia kwenye panga.

Kwenye suala la bodaboda mimi mwenyewe bado nabishana na nafsi yangu. Tairi linachimba mfereji katikati ya njia, na mfereji huo ndio maji yanautafuta. Vijana wa pikipiki wanachukia ngazi zetu, na usiku tumewahi kukuta mawe yameng'olewa na kupangwa kama mteremko. Lakini pikipiki hizo hizo zimewahisha wajawazito zahanati, na tangawizi na parachichi zinashuka nazo. Baadhi ya wenzangu wanataka mwaandike marufuku. Mimi sitaki. Nataka mje mtembee nasi, tukubaliane njia zipi ni za ngazi na zipi zipanuliwe pikipiki zipite, na vijana hao waingie kwenye zamu ya kulima hizo za kwao. Toroli lao ni pikipiki, wanaweza kupandisha kwa siku moja mawe tunayoyabeba kwa wiki.

Najua pia kuna mwenye wazo la faini: asiyetokea kulima njia atozwe. Sikatai kwamba zamani ilikuwepo. Lakini mkumbuke mwaka 1945 wazee wetu walishuka kwa maelfu, kwa miguu, kwa njia hizi hizi, mpaka Same, wakakaa pale kuipinga kodi ya mbiru. Hawakuwa watu wa kukwepa kutoa. Walichokataa ni kukadiriwa mmoja mmoja kipato chake na watu wasiowaamini. Mkituletea daftari la faini kabla hamjatuletea stoo, nina hakika mtakusanya faini, lakini mikono mtaipoteza. Mtu aliyelipa elfu tano zake anaona njia si kazi yake tena.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo. Jumamosi ya kwanza ya Septemba tutakuwa kwenye mteremko wa kutoka shuleni kwenda zahanati, pale penye korongo la magotini. Tunaanza saa moja kabla jua halijawa kali, makande yanaiva saa saba. Aje hata mmoja wenu, bila msafara, na viatu vya kufunga kamba. Sururu tutamwazima. Atasaini daftari kama wengine, na akiirudisha naomba awe ameiosha.

Wenu katika kazi,

Mtunza daftari la vifaa,
Milimani, Upare